Breki za Zambarau

Baba yangu alikuwa dereva wa serikali mpaka alipostaafu, na alikuwa na imani moja kuhusu ndoa: binti anapelekwa kanisani kwa gari la baba yake, baba mwenyewe akiwa kwenye usukani. Mengine yote aliwaachia wanakamati. Walipochagua rangi ya zambarau, akasema sawa.

Wiki ya harusi yangu nilichukua likizo ofisini Chimwaga, nikaenda nyumbani Mkonze nikitegemea kupakwa hina na kulishwa. Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda kando ya kigari chake cheupe, amenuna.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Vaa nguo za kazi. Breki zina upepo."

Ukikanyaga pedali ilizama mpaka sakafuni. Ukiipigapiga ilisimama, lakini ukienda kunywa chai ukirudi imezama tena. Nilipotoa gurudumu la mbele nikacheka hadi nikakaa chini. Kalipa, yale machuma yanayobana diski, zilikuwa zimepakwa zambarau, upande huu na upande ule.

"Gari la bibi harusi linakosaje sare?" aliniuliza, na hakuwa anatania.

Kazi ya kutoa upepo naijua tangu utoto. Mmoja anakaa ndani anakanyaga na kushikilia, mwingine yuko kwenye gurudumu, anafungua skrubu ndogo, mafuta yanapita kwenye mpira kuingia kwenye chupa, na mapovu yake. Anafunga, wa ndani anaachia, wanaanza upya. Goti la baba lilikwishagoma kuchuchumaa, kwa hiyo bibi harusi ndiye aliyelala mchangani. Kila nikishika spana, mama alipiga kelele dirishani: "Kucha zako!"

Jioni pedali ilipata nafuu. Asubuhi imezama, na hakuna tone lililovuja popote. Baba akabadilisha pampu kubwa ya breki, ile inayosukumwa na pedali. Ikazama. Jirani yetu akaegemea ua na kikombe chake cha uji. "Upepo wote huu wa Dodoma uko nje, ninyi mnautafuta ndani ya gari?" Baba alimgeuzia mgongo, na si kawaida yake kumwacha mtu hivihivi.

Kisha akatumia akili ya kidereva. Akabana mpira wa breki za nyuma kwa koleo, mafuta yasipite. Pedali ikazama vilevile. Akaachia huo, akabana mipira miwili ya mbele. Pedali ikawa ngumu kama jiwe.

"Basi ugonjwa uko mbele," nilisema.

"Mbele nimefunga kwa mkono wangu. Hakuna kitu."

Alikuwa mbishi, na mimi nimemrithi, tukazozana mpaka mama akatoka na kutoa hukumu. Jumamosi asubuhi kama pedali bado inazama, nitapanda gari la upande wa mume, lile la rafiki yao lenye dirisha juu ya paa. Baba aliingia ndani. Nilimwonea huruma. Hakuwa ameomba kitu kingine chochote kwenye harusi ile.

Ijumaa mchana nilikuwa tena chini, nimelala kifudifudi, shavu kwenye udongo mwekundu, napapasa skrubu nisiyoiona. Hasira zikanipanda kwelikweli. Kwa nini ninalala? Nilipokuwa mtoto nilikuwa nachuchumaa tu na chupa yangu, na ule mpira ulianza kwa kupanda juu kabla ya kushuka. Nikainua kichwa nikaitazama kalipa vizuri. Skrubu ilikuwa chini kabisa. Upepo hukaa juu. Siku zote hizo tulikuwa tunamwaga mafuta, na upepo umejikalia juu yake umestarehe.

"Baba, ulipozipaka rangi ulizianika wapi?"

"Pale ukutani, juu ya gazeti."

"Zote mbili pamoja?"

Akautazama ukuta, akalitazama gari, kisha akaanza kucheka, cheko la kujifuta macho. Ya kulia alikuwa ameifunga kushoto na ya kushoto kulia, ndiyo maana skrubu ziligeukia chini, na kwa kuwa zote zilivaa sare, nani angezitofautisha? Tukazibadilisha. Safari hii nilichuchumaa. Mapovu yalitoka mfululizo, kisha yakakoma. Kucha zangu mama alizisugua kwa limao, akinisema mimi na baba kwa pamoja.

Jumamosi tulishuka mteremko wa kwetu polepole, mimi nyuma na shela langu, yeye kwenye usukani na tai yake ya zambarau. Mbele ya kanisa akakanyaga, gari likasimama bila kishindo. Vigelegele vikaanza. Akazima injini, akavuta breki ya mkono, lakini mguu haukutoka kwenye pedali.

"Baba, tumefika."

"Najua. Nahakikisha tu kama haizami."

Kwenye kioo niliona machozi yamefika kwenye sharubu. Mchungaji alitoka mlangoni, akatazama saa. Pedali haikuzama hata kidogo, na wote wawili tulilijua hilo tangu jana.

"Hakikisha tu, baba," nikamwambia. "Watasubiri."