Mkamwana Hasemi Mbele ya Mkwe

Miaka ya sabini nilikuwa askari wa kike peke yangu kwenye kituo kimoja cha polisi pale Mbeya. Kazi zangu kubwa zilikuwa kupekua wanawake na kuchemsha chai. Chai niliichukia.

Asubuhi moja alikuja mama kijana wa Kinyakyusa, mumewe yuko mbali kwenye ujenzi wa reli. Alikuwa amebakwa na jirani njiani akitoka kuchota maji. Aliyemleta ni baba mkwe wake, mzee akitangulia mbali, yeye nyuma. Mzee alibaki nje, mlango ameupa mgongo. Mama akaanza vizuri tu: akaitaja njia, akamtaja mtu.

Sajini wetu akaona si adabu mzee kukaa juani.

"Mzee, pita ndani. Huyu ni mtoto wako, lazima usikie."

Mzee akaingia kwa sababu askari kasema. Mama akavuta kitenge mpaka usoni, akageukia ukuta, kimya. Sajini akauliza tena, akapandisha sauti.

"Mnaona? Sasa hana la kusema. Katunga huyu. Hakuna kesi."

Na bila karatasi ya polisi, hospitali wasingempima.

Nilipandwa na hasira. Mimi ni Mhehe wa Iringa, lakini kwenye kota za polisi nilipakana na Wanyakyusa. Nilishaona mkamwana akijitupa kwenye majani ya migomba ili asikutane na mkwewe. Hata jina lake halitamki. Leo aseme mbele yake mambo ya mwilini?

"Afande, hajatunga. Mkwe wake yuko ndani."

"Kwani mkwe anauma?"

Nilimshika mama mkono nikampeleka stoo, tukakaa juu ya magunia ya mkaa. Alisema yote, polepole, kwa Kiswahili cha kuokoteza. Nikarudi nikamweleza sajini. Akakuna kichwa, akaandika ile karatasi. Tangu siku hiyo wanawake wa kesi kama hizo niliwasikiliza stoo, na chai alichemsha mwingine.

Tulipotoka kwenda hospitali, mzee alikuwa amesharudi nje, macho barabarani. Mkamwana wake akajificha nyuma yangu.

"Binti yangu," mzee akaniambia, "mwambie huyo mama, alichosema sikukisikia na sitauliza. Lakini namwamini. Na mumewe akirudi na maneno, atakutana na mimi kwanza."

Mama alisikia kila neno. Hata hivyo niligeuka, nikamrudishia yote, kwa kuwa mzee ameniagiza. Ndipo akalia.