Maswali ya Shangazi Juu ya Godoro

Onkemetse Seabe alikuwa na miaka thelathini na minne, mkubwa kuliko wanafunzi wote wa uhasibu katika ofisi yao ya wakaguzi wa hesabu mjini Francistown. Somo la ukaguzi lilikuwa limemwangusha mara mbili. Kanuni za ofisi alizijua bila kusoma: jaribio la kwanza, siku kumi za likizo ya masomo, la pili, siku tano, la tatu, jitegemee. Ukianguka la tatu, mkataba umekwisha. Kwa hiyo aliitunza likizo yake yote ya mwaka, akaianza siku ya Ijumaa. Mtihani ulikuwa Alhamisi.

Jumamosi alfajiri mama yake akafariki kijijini Tonota.

Kuahirisha mtihani huombwa siku saba kabla, na zilibaki tano. Mtu wa mitihani alimpa pole kwenye simu, kisha akamwambia kwamba asiyefika huhesabiwa ameanguka. Na kwao, binti wa marehemu hukaa kwenye godoro chumbani kwa mama yake, amejifunika shali, wala hatoki uani mpaka maziko. Maziko yalipangwa Jumamosi iliyofuata. Vitabu vilibaki mkobani.

Kwenye godoro alikaa naye Shangazi Mmaphefo, dada wa baba yake, mama wa miaka sabini na kitu aliyeishia darasa la pili. Jumatatu mchana, waombolezaji walipokwenda kula, shangazi aliona midomo ya Onkemetse ikichezacheza, akamuuliza kama anasali. Onkemetse akakiri kwamba alikuwa anajikumbusha hatua za ukaguzi, kisha akamweleza yote, ya Alhamisi na ya mkataba.

"Hata punda hakanyagi shimo moja mara mbili," shangazi akasema. "Hebu nieleze hicho kinachokuangusha, kama unamweleza mjinga."

Onkemetse akajaribu. Mkaguzi akiambiwa kuna mali, asikubali maneno matupu. Aende mwenyewe akaione.

"Akishaiona, basi?"

"Basi, shangazi. Si ameiona kwa macho yake?"

"Ndiyo maana unaanguka. Zizini kwa baba yako kulikuwa na ng'ombe sitini. Walikuwa wa nani?"

Onkemetse akawahesabu kichwani. Arobaini walikuwa wa mafisa, yaani ng'ombe wa watu wengine waliowekwa kwake awatunze. Baba aliwachunga na kunywa maziwa yao, lakini hawakuwa wake. Jambo hilo hata watoto walilijua. Katika mitihani yote miwili alikagua kilichoonekana, akasonga mbele, wala hakuuliza ni cha nani.

"Na wako waliolala kwenye zizi la mwenzako," shangazi akaendelea, "hao utawahesabu lini?"

Miaka minne alikuwa akitafuta kitu hiki kwenye vitabu vizito, kumbe kilikuwa kikitembea kwa miguu minne nyuma ya nyumba yao. Jumanne na Jumatano, kila wageni walipotoka, shangazi alimbana: ng'ombe waliohamishwa usiku ili wahesabiwe mara mbili, ndama asiye na alama, mchungaji anayesifia mno. Onkemetse alimsikiliza kama mtu anayeonyeshwa chumba asichowahi kukiona katika nyumba aliyozaliwa.

Jumatano jioni wajomba walimkataza kutoka. Shangazi hakupandisha sauti. Alisema godoro halitabaki tupu. Atakaa nafasi yake na ya binti. Wifi yake hakumsomesha mtoto ili abaki mlangoni. Wajomba wakatazamana, mmoja akaenda kutafuta gari.

Alhamisi, mlangoni mwa ukumbi wa mtihani, kanuni ilikataza shali. Msimamizi, mwanamke wa makamo, aliitazama ile nyeusi ya msiba, akaivua mabegani kwa mikono miwili, akapapasa pindo lote taratibu, akamfunika tena. Akampisha aingie.

Swali la tatu lilihusu duka lenye majokofu ishirini. Onkemetse aliweka kalamu chini kwa muda, maana aliyaona kabisa yakiwa na pembe.

Miezi miwili baadaye jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliofaulu. Lakini akisimulia, haanzi na orodha. Husimulia alivyorudi Alhamisi ile saa nane mchana, akamkuta shangazi palepale, miguu imevimba, hajanyanyuka tangu alfajiri.

"Walikuwepo?" shangazi aliuliza.

"Walikuwepo, shangazi."

"Wa nani?"

"Hilo ndilo nililouliza kwanza."

Shangazi akasogea kumpisha, naye akaketi mahali pake, pakiwa bado na joto.