Hadithi Iliyosimamisha Kisu cha Nyanya

Utomvu wa ndizi mbichi una harufu ya majani yaliyopondwa, na ukiingia kwenye sare ya shule hautoki hata ufanyeje. Hiyo ndiyo harufu ya jikoni kwetu Mitunguu, ambako nyanya yangu alimenya ndizi za chakula cha jioni kila siku, mikono ameipaka mafuta. Kisu chake hakikujua kupumzika. Mgeni aingie, mbuzi aingie, kisu kinaenda tu.

Nilipokuwa darasa la sita tuliletewa Mwalimu Kathure, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha kushtua. Alisoma insha zetu za "Siku Nisiyoisahau" akashika kichwa. "Haki ya Mungu, darasa zima ajali! Na ambulensi zote hizi zilipita barabara gani?" Tulikuwa tumekariri insha za vitabuni. Hata mimi niliyejiona bingwa, yangu iliishia "kumbe ilikuwa ndoto." Akatupa amri: kila hadithi tuisimulie kwanza nyumbani, kwa mtu anayefanya kazi. Mkono wake ukisimama, andika. Usiposimama, tafuta nyingine. Hadithi bora ingesomwa mbele ya wazazi siku ya kufunga shule, na niliitaka nafasi hiyo kuliko viatu vipya.

Nilimsimulia nyanya habari za simba, za majambazi, hata za tajiri aliyemezwa na chatu. Kisu wapi! "Mm," alisema, akidondosha ganda. Wiki ikaisha, nikabaki na hadithi moja tu, na hiyo niliiogopa. Zamu yetu ya maji ya kunyunyizia shamba ilikuwa Jumatano. Jumatano moja ya muhula uliotangulia nilitumwa kufungua koki, nikapitia kwenye mchezo wa kuruka kamba, nikasahau kabisa. Miche ya kabeji ikanyauka yote. Nyanya akaamua kwamba jirani yetu, Baba Kinoti, tuliyegawana naye bomba, ndiye aliyetufungia maji, nami nikanyamaza. Muhula mzima hawakusalimiana; hata kanisani nyanya alihama benchi.

Nilianza kwa sauti ndogo: "Palikuwa na msichana aliyetumwa kufungua maji." Kisu kikapunguza mwendo. Nilipofika kwenye kamba, kikasimama. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia hapo jikoni.

"Na huyo msichana," nyanya aliuliza kwa Kimeru, polepole, "hana jina?"

"Ni mimi, nyanya."

Nilingoja kofi. Alifuta mikono, akachagua kichana kizuri cha ndizi, akanipa nibebe. "Twende kwa Baba Kinoti. Utamsimulia hivyo hivyo, usiruke mahali."

Hadithi yangu ndiyo iliyosomwa. Baba Kinoti alipiga makofi kabla haijaisha, na nyanya, aliyekaa benchi moja naye, alimwambia kila aliyekuwa karibu: "Huyo mkorofi aliyesahau maji ni wangu!" Nilivimba kichwa siku hiyo, na sioni aibu kusema.

Sasa nafundisha katika shule moja huko Kaaga, na amri ya Mwalimu Kathure ningali nayo. Ila mikono ya wazazi wa leo iko kwenye simu, na simu ni ngumu kuishinda kuliko ndizi. Wanafunzi wangu hurudi wamenuna: "Mwalimu, hata hakuniangalia." Nawaambia watafute ile wanayoiogopa. Juzi asubuhi msichana mmoja, mnyamavu kuliko wote, alinikimbilia langoni, begi wazi, anahema.

"Mwalimu! Mama ameweka simu chini. Ameiweka chini kabisa, akaniuliza, 'Halafu?'"