Kilio ya bantu benye hatukujua

Leo kulikuwa kilio mu lupango ya nyumba yetu, na hakuna mutu alikufa.

Yaya wangu, mutoto wa kwanza wa mama, iko Bulaya. Asubuyi alitupigia video, akatuonyesha jiwe mu kiwanja ya masomo, kule mutoto wake anasomea. Iko na majina ya banafunzi na balimu benye balifukuzwa pale zamani, juu tu balikuwa Bayahudi.

Mama akasoma majina polepole, kama mutu anaimba mu usingizi.

Kiisha akafunga kitambaa ku kichwa, akaikala chini ku mukeka.

Hapa mu mutaa yetu ya Katuba, mama akiikala chini vile, majirani banajua kuko kilio.

Mama Odile, jirani, akafika na makala ku kichwa, ya moto ya kilio. "Pole. Ni nani alikufa?"

Nikamuelezea. Nilisikia haya. Nilizani atacheka, arudishe makala yake.

Akashusha makala. Moshi ya majiko ya majirani ilikuwa inapita juu ya ukuta, pole pole, kama mawingu.

"Mwalimu wetu Célestin," akasema, "balimufukuza vile vile, juu ya kabila. Tulifika mu klasi, kiti yake iko bule, hakuna mutu. Hatukumulilia."

Akaikala karibu na mama. Akawasha makala.

Mpaka sasa moto iko inawaka. Kama uko na jina yenye haikuliliwa, andika hapa chini.

Mama atasoma yote.