Nilimpa Mke Wangu Ugonjwa Wangu

Jumapili moja padri alisimama mbele akawaomba waumini wote wamwombee mke wangu, Lurdes. Ana saratani ya titi, akasema.

Kanisa zima likageuka. Lurdes akainamisha kichwa kama mgonjwa kweli.

Hakuwa na hata mafua.

Mwenye saratani ya titi nilikuwa mimi. Odílio, mzee wa zege, mabega kama mlango wa gereji.

Sisi Wareno wa Toronto tunajuana. Ukipiga chafya kazini, jioni klabuni unapewa pole. Sasa ningeanzaje kuwaambia wanaume ninaomwaga nao zege kwamba naumwa titi? Wangeniita bibi harusi mpaka kaburini.

Nikauficha uvimbe mpaka ukapasua ngozi. Siku moja Lurdes akaanza kuhamisha makabati akitafuta panya aliyeoza.

Panya gani. Nikafungua shati.

Alilia. Halafu akavaa koti, akanikokota hospitali.

Wakasema kupasua haiwezekani kwa sasa, ila kuna matibabu yaliyo kwenye majaribio.

"Tunakuingizia vipovu vidogo mno kwenye mshipa," daktari akaeleza, dada mmoja mpole. "Vikifika kwenye uvimbe tunavitikisa kwa mawimbi ya sauti, kama ya ile mashine ya kupimia wajawazito. Vinaijeruhi mishipa inayoulisha. Mionzi ikija, inaukuta umeshalegea."

"Yaani mnanitia soda kwenye damu?"

Akacheka. "Labda soda itakayosaidia. Sikuahidi kitu, mzee."

Kwenye foleni walikuwa wanawake tupu. Mama mmoja akaniambia, "Mkeo ana bahati. Mume wangu hajawahi kunisindikiza."

"Yuko msalani," nikajibu.

Uongo ukanoga. Kazini waliponiuliza napotelea wapi, nikasema, "Lurdes. Titi."

Lurdes aliposikia, akatupa mwiko. "Umenipa ugonjwa bila kuniuliza, Odílio?"

Lakini akanifichia. Masufuria ya supu yakamiminika nyumbani. Wanawake wakamkumbatia huku wakilia, nami nimekaa pembeni, natamani sakafu inimeze.

Matibabu yenyewe hayakuniumiza. Sindano mkononi, ute wa baridi kifuani, mashine ikikoroma taratibu. Kisha chumba cha mionzi. Baada ya muda uvimbe ukaanza kunywea, nami nikajiona mjanja.

Ndipo akaja Belmiro.

Belmiro ni msimamizi wetu, mshikaji wangu tangu ujana, na hakuna mwenye mdomo mchafu kama wake. Alileta mkate mtamu, akampelekea Lurdes jikoni. Nikiwa sebuleni nikamsikia akishusha sauti.

"Shemeji, usinielewe vibaya. Lako lilianzaje?"

"Kwa nini?"

"Chuchu... iliingia ndani?"

Nikasikia Lurdes akivuta kiti.

"Belmiro, fungua shati."

"Aa, shemeji bwana! Mimi mwanaume, nitakuwa na..."

"Nimesema fungua!"

Kisha nikasikia jina langu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika ndoa yetu.

"Odílio! Njoo umwambie mwenyewe. Mimi nimechoka kuumwa!"

Nikaingia. Chuchu ya Belmiro ilikuwa imezama, kama mtu kabonyeza kidole kwenye unga uliokandwa.

Nikafungua shati langu.

Akatazama bandeji. Akamtazama Lurdes. Akarudi kwangu. Nilisubiri acheke. Haki ya Mungu, nilitamani acheke.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Langu tangu Pasaka," akasema polepole. "Nikajiambia haiwezi kuwa saratani ile, ile ni ya wanawake. Nimekuja kwa Lurdes kwa sababu sikuwa na mwanaume wa kumuuliza."

Alikuwa naye: mimi. Tulikula pamoja kila mchana.

Mimi nilifanyiwa upasuaji hatimaye, na nipo. Ni vipovu au ni mionzi peke yake? Madaktari wenyewe bado wanachunguza. Saratani ya Belmiro ilikutwa imeshafika kwenye mifupa. Majaribio hayakumpokea.

Yeye ndiye aliyewaambia watu wa klabuni. Alivua shati katikati ya mchezo wa karata, akaninyooshea kidole nami nivue. Hakuna aliyecheka. Wawili walikwenda kupima wiki hiyohiyo.

Ndugu yangu mwanaume unayesoma hapa, una titi. Ukioga leo, lipapase. Ukikuta kitu, sema, tena sema kwa sauti, maana hujui nani kakaa karibu yako anasubiri kusikia.

Belmiro alinisamehe kunyamaza kwangu siku ileile, pale jikoni. Lakini kila nikimwona anapanda ngazi akishikilia ukuta, najifanya nafunga kamba za viatu.