Wageni wa Kinyozi

Mjane wa kinyozi alikuwa na mguu mbovu, ila ulimuuma mahali pamoja tu: juu ya mwinuko, ndani ya makaburi ya zamani ya mji. Kila mwezi alijiunga na kundi la watembezi. Kiongozi wao, mwalimu mstaafu wa historia mwenye sauti ya king'ora, aliwaonyesha kaburi la meya, la tajiri wa reli, la daktari. Kwa kinyozi hakusimama. Nani angesimama kwa jiwe dogo lililomegeka pembe?

Basi wakifika hapo, mjane aliketi chini, akavua kiatu na kukikung'uta.

"Mama kaja tena na kokoto zake!" walimtania.

"Chekeni tu. Miguu yenu bado mipya."

Nao walikaa kumsubiri, wakipiga porojo za bei ya vitunguu na za wakwe wasioaga. Yeye alinong'ona moyoni: haya, mzee wangu, wageni hao. Maana marehemu hakuweza kabisa kukaa peke yake. Siku isiyo na mteja aliwaita hata wapita njia waje waketi kwenye benchi, mradi kibanda kiwe na kelele. Angewaambia ukweli watembezi, wangemjia mumewe na nyuso za msiba, na nyuso hizo hakuwahi kuzipenda.

Safari hii mwalimu aliwapokea langoni akitabasamu.

"Mama yetu, mguu wako umeninyima usingizi. Leo tunapita njia ya chini, tambarare tupu!"

Kundi likapiga makofi. Mjane aseme nini, kwamba mguu ni mzima?

"Ahsante, mwalimu," akasema.

Penye njia panda alijichelewesha, wakampita, akapanda peke yake. Akaketi palepale. Akavua kiatu, akakikung'uta. Hakikutoka kitu, wala hapakuwa na wa kumtania.

"Leo wamepita chini," alimwambia mumewe. "Lakini tega sikio, utawasikia."

Kweli, sauti ya mwalimu ilipanda hadi pale, ikafuatwa na kicheko, kisha kicheko kingine cha mbali zaidi. Mjane alibaki na kiatu mkononi mpaka kukawa kimya kabisa. Hapo akakohoa, akaanza mwenyewe habari za bei ya vitunguu.