Nyungunyungu wa Mama na Dawa ya Josho

Wajinga nimekutana nao wengi, na wengi nimewasamehe, maana mjinga anayejua kunyamaza hana madhara. Katibu wa kijiji chetu sikumsamehe.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Nyamwaga, kwenye ardhi ngumu iliyokanyagwa na ng'ombe miaka mingi. Mama hakuililia nyumba aliyoiacha. Aliililia migomba. Alibeba vichipukizi na chungu cha udongo mweusi uliojaa nyungunyungu, akaumwaga kwenye shimo la samadi nyuma ya nyumba mpya. Wakizaana, udongo utalainika na migomba itashika. Wasipozaana, ndizi tutazila kwa kuomba.

Katibu alimkuta Mama akilichungulia shimo lake. Alikuwa ametoka semina, na mtu aliyetoka semina ni hatari kuliko mlevi. Akatangaza kwamba nyungunyungu ukimkata katikati unapata wawili, sasa kwa nini tuwangoje wazaane kwa matakwa yao?

Mimi nilikuwa mwalimu, nimetoka chuo karibuni. Nikamwambia, "Ndugu Katibu, kipande chenye kichwa huenda kikaota mkia. Cha mkia hakioti kichwa."

"Mwalimu, unapinga maendeleo?"

Miaka ile swali hilo halikuwa swali. Shimo likawa mali ya kijiji, na nyungunyungu wakakatwa kwa wembe mbele ya Mama.

Hapo angeishia, pengine nusu yao wangepona. Lakini aliogopa vidonda visioze, akaagiza vipande vyote vichovywe kwenye maji ya josho, kisha virudishwe shimoni. Josho letu lilikuwa jipya na tulilisujudia. Ng'ombe waliingia na kupe wakatoka safi, basi watu wakaogesha humo mbwa, na jirani mmoja akapeleka miguu yake yenye ukurutu. Dawa inayoua kupe, Katibu alieleza, itashindwaje na vijidudu vya kidonda?

Nyungunyungu hahitaji mganga. Anazaliwa na walinzi wake, chembe ndogo zinazoelea katika maji ya mwili, hazikufundishwa na ugonjwa wowote wala na semina. Akikatwa, chembe hizo hukimbilia jeraha, huliziba, hula vijidudu na kusafisha nyama iliyokufa, ndipo mwili uanze kujenga mkia. Mlinzi kwanza, fundi baadaye. Katibu aliwaua walinzi na mwenye nyumba kwa pamoja, kisha mkutanoni akatangaza kwamba nyungunyungu wa kijiji wameongezeka maradufu. Watu walipiga makofi. Harufu ya shimo ilitufikia tulipokuwa tumekaa. Nilimdharau siku ile, na ninamdharau hadi leo.

Migomba ya Mama ilidumaa. Mmoja tu ulijikongoja hadi ukatoa chipukizi, na yeye akaulea kama mgonjwa.

Kisha ikaja amri kwamba kila kiongozi awe na migomba yake. Katibu akaja asubuhi, mpole ajabu.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba kichipukizi."

"Marahaba, mura," Mama akamwitikia, kama kwetu mzazi anavyomwita kijana wake.

Mama alichukua panga, akakifukua kile kichipukizi chake cha pekee, akakikata katikati. Kipande cha chini chenye mizizi akakirudisha shimoni na kukifukia kwa mguu. Cha juu, chenye majani mabichi, alimkabidhi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu wa heshima.

"Kapande," akasema. "Mizizi itaota."

Akashukuru, akaenda kukipanda.